Mwenye Nyumba Yumo Ndani: Kaloleni na Mji Mdogo Uliomo Ndani ya Jiji la Arusha



Nimepewa kazi ya kueleza kwa nini mtaa mkongwe katikati ya jiji bado una tabia za mji mdogo. Jibu la haraka mnalijua, maana waandishi wa vipeperushi vya utalii wamelirudia mpaka limechuja: nyumba za zamani, mijakaranda inayochanua zambarau ifikapo Oktoba, mlima unaochungulia alfajiri kabla mawingu hayajaufunika, na watu wakarimu. Sina ugomvi na mijakaranda. Lakini mijakaranda iko Uzunguni pia, na kule mtu anaweza kukaa miaka mingi asijue jirani yake anaitwa nani. Mlima Meru nao, wenye mita 4,566, haubagui; anauona wa Kaloleni na anauona wa kwenye maghala ya Njiro. Kuhusu ukarimu wa watu wa Arusha, mnajuana wenyewe. Ukikanyagwa mguu Soko la Kilombero, pole utaipata siku aliyekukanyaga ameamka vizuri.

Hoja yangu ni moja, na ina harufu kidogo ya hesabu za kodi. Nasema kwamba mji mdogo, ule wa kuamkiana, kukopeshana, kusutana na kuzikana, unategemea mahali anapolala mwenye nyumba. Akilala katika nyumba ileile anayoipangisha, mtaa unabaki mji mdogo hata kama umezungukwa na jiji la watu laki sita. Akihama, akamwachia dalali ufunguo na namba ya simu, mji mdogo unakwisha hata kama kuta zote zingali zimesimama na rangi imepakwa upya. Jioni ya leo nitajaribu kuitetea hoja hiyo kwa kutumia Kaloleni, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu, na kwa sababu historia ya nchi ilipita Kaloleni na kugusa jambo hilihili la mwenye nyumba kwa namna ambayo wengi tumeisahau.

Historia ya mwanzo nitaipitia mbio. Mji huu ulizaliwa na boma. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri kwa Wameru. Wajerumani wa Moshi chini ya Kapteni Kurt Johannes wakaja kulipiza, wakachoma migomba na nyumba, wakaswaga mifugo, na mwaka 1900 wakasimamisha ngome ambayo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Walioijenga kwa shuruti ni watu wa mlima huu walioshindwa vita. Nyuma ya askari wakaja wachuuzi wa Kihindi na Kisomali, na Waswahili waliozoea njia za misafara. Waingereza wakautwaa mji Machi 1916, reli ikaingia kutoka Moshi mwaka 1929, na mji ukapasuliwa kama kila mji wa kikoloni: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Waafrika wakapangiwa upande wa magharibi. Hapo ndipo ilipochipuka mitaa yetu, na tusiipambe asili yake. Ukaribu tunaousifu leo ulianza kwa kubanwa.

Waliobanwa pamoja hawakuwa wa kabila moja. Ramani ya mji bado ina Mtaa wa Wapare, wa Wachagga na wa Zaramo. Mlimani watu walisema Kimaasai cha Waarusha na Kimeru. Huku chini, mtu aliyetaka kupanga chumba, kununua maharage au kuposa alilazimika kuyasema kwa Kiswahili. Akina mama waliteremka na mikungu ya ndizi na vibuyu vya maziwa kuelekea sokoni, wakapumzika barazani kwa mtu wasiyekuwa na undugu naye, na baada ya misimu kadhaa wakawa wanamwachia mizigo yao amtunzie. Urafiki wa namna hiyo haukuandikwa na bwana shauri yeyote.

Anayetaka kuona jinsi mji ulivyokuwa mdogo aitafute filamu ya Hatari!, ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962, ambamo John Wayne anacheza mkamata wanyama. Karibu na mwisho watoto wa tembo wanatimua mbio katika mitaa ya Arusha wakimfuata mwanamke waliyemzoea. Barabara ni pana, magari ya kuhesabika, watu wamesimama milangoni. Kupiga picha hizo leo katika Barabara ya Sokoine ungehitaji kibali cha kuufunga mji kutwa nzima, na bado bodaboda mmoja angepenya katikati ya tembo.

Sasa tuingie ndani ya nyumba ya Kaloleni yenyewe. Wengi wenu mmezaliwa humo, kwa hiyo mtanivumilia nikiieleza kama kwa mgeni. Mlango wa mbele ni mmoja. Korido inaipasua nyumba katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku. Mwisho wa korido unatokea uani: jiko la pamoja lenye kuta nyeusi kwa moshi, bafu, choo, bomba, kamba za nguo ambazo kila mmoja ana sehemu yake ingawa hakuna aliyezigawa. Juu bati. Mbele baraza ya saruji ya kutosha watu wanne na bao katikati. Mwenye nyumba anakaa vyumba viwili vya mbele, vinne vilivyobaki anapangisha kimoja kimoja. Mpangaji hawezi kuingia wala kutoka bila kupita mlango wake, na bibi mwenye nyumba hahitaji kamera.

Nimewahi kuonyeshwa daftari la LUKU la nyumba moja ya namna hiyo. Ni daftari la shule, limening'inizwa kwa uzi kwenye msumari wa korido, chini ya mita. Mita ni moja, vyumba sita, na mnaojua mnajua ni fitina kiasi gani inaweza kuzaliwa hapo. Kila chumba kina mstari wake. Mwenye taa na simu tu analipa kidogo, mwenye friji anaongeza, mwenye pasi anaongeza, na anayekutwa na jiko la umeme anatafutiwa nyumba nyingine. Pembeni ya mstari wa chumba cha nne palikuwa na maandishi ya kalamu nyekundu: amesafiri, asidaiwe. Nikamuuliza bibi mwenye nyumba kulikoni. Akanitazama kama mtu asiyejua kuhesabu. "Kijana wa watu yuko kwao Singida anauguza mama yake. Nimdai umeme wa giza?"

Nawaombeni mlitazame daftari hilo kwa makini, kwa sababu hoja yangu yote imo ndani ya mstari ule. Dalali asingejua kwamba wa chumba cha nne amesafiri. Mwenye nyumba anayeishi Njiro angejua mwisho wa mwezi, kodi ilipochelewa, na angejua kama deni. Bibi yule alijua siku ileile kwa sababu hakusikia redio alfajiri. Alijua kuna mgonjwa, akajua ni mama, na wiki iliyofuata chumba kwa chumba walichangishana nauli. Hakuna hata mmoja aliyefanya jambo la ajabu. Ni kwamba habari ilikuwa na mahali pa kufikia.

Na habari ile haikai nyumbani tu. Kijana akitaka kufungua akaunti benki au kushughulikia kitambulisho cha taifa, anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti hamjui. Anamuuliza swali moja: unakaa kwa nani? Kijana akijibu "kwa Bibi Fulani", barua inaandikwa, maana bibi anajulikana, na bibi asingempokea mtu bila kumhoji ametoka wapi na nani wa hapa anamfahamu. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya mjumbe wa nyumba kumi, utaratibu wa enzi za TANU. Mjumbe angali yupo, lakini nguvu yake ilitoka kwa wenye nyumba kumi waliokuwa wakilala ndani ya nyumba zao. Leo mjumbe wa mtaa wenye nyumba kumi za kulala wageni atamwakilisha nani? Duka la Mangi pale kona linaendeshwa kwa kanuni hiyohiyo. Mangi anakopesha unga na sabuni kwa jina la nyumba. Akikwama kulipwa haendi polisi, anamwendea mwenye nyumba, na jioni hiyohiyo jambo linazungumzwa uani.

Sasa nifike mahali ninapopapenda. Kutoka barabarani Kaloleni hatua chache kuna nyumba ndogo ambayo wanafunzi wanapelekwa kila mwaka, Makumbusho ya Azimio la Arusha, iliyofunguliwa mwaka 1977. Mgeni akiiona kwanza huwa anatafuta jengo kubwa lililo nyuma yake. Hakuna. Ilikuwa nyumba ya ustawi wa jamii ya Waafrika wa mji huu, na humo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Matokeo yake, yaani Azimio la Arusha, yalitangazwa Februari 5. Benki zikataifishwa, Ujamaa ukapata maandishi, na viongozi wakawekewa masharti. Tunayakumbuka masharti hayo kwa jumla jumla: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili. Lakini lilikuwamo lingine lililowauma wengi kuliko yote, kwa ushahidi wa manung'uniko ya miaka iliyofuata: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha.

Fikirini mahali lilipoandikwa. Wajumbe waliketi katika ukumbi uliozungukwa na nyumba za kupangisha. Walipotoka nje kunyoosha miguu walikanyaga mtaa ambao karibu kila mlango ulikuwa wa mtu anayekula kodi ya vyumba. Yule mjane anayepangisha vyumba vinne na kulala katika viwili, na yule mkubwa wa serikali mwenye nyumba tatu za kupangisha mjini na yeye mwenyewe akikaa nyumba ya serikali, wote kwa Kiswahili chetu wanaitwa wenye nyumba. Sharti la Azimio lilimlenga wa pili. Kaloleni, bila kuandika azimio lolote, ilikuwa tayari inamtofautisha na wa kwanza: mmoja unamwamkia kila asubuhi, mwingine unamtumia pesa.

Miaka minne baadaye tofauti hiyo ikapita kwenye sheria. Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja yakawa mali ya serikali chini ya Msajili wa Majumba. Katikati ya mji wetu, maghorofa ya wafanyabiashara wa Kihindi, duka chini na makazi juu, yakabadili mwenyewe kwa siku moja. Familia nyingi zilizokuwa na duka, mtoto na bibi katika jengo moja zikaondoka nchini miaka ile. Nyumba za Kaloleni, za bati na korido, hazikufikia thamani iliyotajwa, zikabaki kwa wenyewe. Mwaka 1990 majengo ya Msajili yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na huko katikati mpangaji akaendelea kupanga kwa ofisi.

Basi Arusha ilijikuta imefanya jaribio bila kukusudia. Sehemu mbili za mji mkongwe, zimepakana, unatembea kutoka moja kwenda nyingine bila kutoa jasho. Moja aliondolewa mwenye nyumba, nyingine akabaki. Pita katikati ya mji saa mbili usiku Jumapili, maduka yakishafunga, uone walinzi wa Kimaasai na shuka zao wamekaa juu ya viti vya plastiki. Kisha vuka kuelekea Kaloleni. Harufu ya mishikaki na chipsi, watoto wanaofukuzwa wakaoge, redio mbili zinazotangaza mpira mmoja, machalii wanabishana ukutani, na wazee wana drafti chini ya balbu. Majengo ya katikati ni mazuri kuliko ya Kaloleni, nami ni mtu wa kusimama kutazama roshani ya zamani. Uzuri huo haukuwarudisha watu.

Sisemi serikali ilikosea au ilipatia mwaka 1971; huo ni mhadhara mwingine, na nikiuanza hatutatoka humu leo. Ninachotaka muone ni kwamba uchangamfu tunaouita asili ya mtaa una mizizi katika umiliki.

Msiba ndio kipimo. Mtu akifariki Kaloleni, turubai linafungwa barabarani kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna anayeomba kibali, na dereva wa bajaji akikuta turubai anageuza bila kupiga honi. Viti vinatoka kila nyumba, masufuria yana alama za rangi chini ili yarudi kwa wenyewe, daftari la rambirambi linafunguliwa na mtu mwenye mwandiko mzuri, na wa dini zote wanakaa. Wakristo wanaweza kusubiri jeneza siku tatu. Waislamu wanazika leo, na jirani Mkristo anajua kwamba akienda kazini kwanza atakuta wamesharudi kutoka makaburini. Turubai lile linahitaji mtu mwenye haki ya kulifunga mbele ya mlango. Nyumba isiyo na mwenyewe haina wa kusema fungeni hapa. Wapangaji wa maghorofa mapya wanafiwa kama sisi sote, lakini maiti inapelekwa moja kwa moja kijijini kutoka hospitali, na jirani wa ghorofa ya juu anasikia baada ya mwezi.

Najua mnachotaka kuniambia, hasa nyinyi akina dada mliokaa nyuma. Mji mdogo una macho mengi. Msichana anayefanya zamu ya usiku hotelini anarudi alfajiri na kukuta baraza zima limeshaamua kazi yake ni ipi. Bibi yuleyule asiyedai umeme wa giza anaweza kukutolea vyombo nje kwa sababu hakupenda mgeni wako, na hakuna mkataba wa maandishi wa kukutetea. Wanaohamia Muriet, Olasiti na Moshono hawakimbii kodi tu. Wengine wanakimbia kuulizwa. Nakubali yote. Sikuja kuuza mji mdogo kama pepo. Hata hivyo muziki wa vijana wetu unanipa shaka kama wanauchukia kiasi hicho. Nako 2 Nako walipotaka jina la kutikisa Tanzania nzima, walichukua la Ngarenaro, mtaa wa jirani. Mtu habebi hadharani jina la mahali anapopaonea aibu.

Tukija kwenye hali ya sasa, tarakimu zinasema jiji linavimba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Mwaka 2027 mashindano ya AFCON yanakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na uwanja mpya ulipangiwa Olmoti, pembezoni. Sisi tuna Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, uliopewa jina la mshairi aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na ambamo Mkapa, Moi na Museveni walitia saini mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 30 Novemba 1999. Siku hiyo mtu wa Kaloleni alikwenda kushuhudia kwa miguu akarudi kula chakula cha mchana kwake. Bei ya kiwanja cha mtaa kama huo inajieleza.

Lakini nyumba hizi haziuzwi na wenyewe. Zinauzwa na warithi. Bibi anafariki, anaacha watoto saba: mmoja Dar es Salaam, mmoja Mwanza, mmoja Muscat, wawili hawaongei, mmoja anakaa katika chumba cha nyuma na hana pa kwenda, mmoja ana deni. Msimamizi wa mirathi anateuliwa Mahakama ya Mwanzo. Nyumba ya vyumba sita haigawanyiki kwa saba. Mnunuzi anakuja na fedha taslimu, na wa chumba cha nyuma anapewa fungu lake akatafute kiwanja Muriet. Miezi sita baadaye pana shimo la msingi, na mwaka unaofuata pana lodge yenye vioo vya bluu. Hakuna mwovu katika hadithi hiyo, ndiyo maana ni ngumu kuizuia.

Watu husema: basi nyumba zilindwe kwa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ipo, ya mwaka 1964. Ila ukiisoma utakuta kwamba jengo linahesabiwa kuwa la kale moja kwa moja ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Arusha yote, pamoja na Boma lake, imezaliwa baadaye. Waziri anaweza kutangaza jengo moja moja, na mimi ningefurahi atangaze mawili matatu. Lakini tuseme aitangaze Kaloleni nzima, je, tutakuwa tumelinda nini? Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Milango ya nakshi inatunzwa, na haki kabisa. Ila nyumba kadhaa zilizokuwa za familia ni hoteli, na jioni ukitaka kusikia watu wanataniana kwa Kiswahili cha mjini, unavuka kwenda Ng'ambo. Kariakoo ilikwenda njia ya pili: nyumba za korido zikapisha maghorofa yaliyosimamishwa kwa pupa, na tarehe 16 Novemba 2024 moja likaanguka likaua zaidi ya watu 20.

Kuna njia ya tatu ambayo haisemwi sana. Magomeni Kota, Dar es Salaam, nyumba za zamani zilibomolewa na wakazi wakatawanyika kwa miaka. Machi 2022 maghorofa mapya yalifunguliwa, na kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale ndizo zilizorudishwa. Sipendi sura ya maghorofa yale, na uani wake ni sakafu tupu. Ila nimefika, nikakuta akina mama wa ghorofa tofauti wanaitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, watoto ambao sasa ni watu wazima. Ghorofa halikuwaua. Kwa hiyo sitawaambia watu wa Kaloleni wasijenge juu. Mwenye kiwanja akiweza kupandisha ghorofa moja, yeye akakaa chini na wapangaji juu, tumepata nafasi na tumebaki na bibi mlangoni.

Yako mambo ambayo halmashauri inaweza kufanya bila kusubiri Dodoma, na mengine ya kuipelekea Dodoma. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Maana yake, katika nyumba yenye mita moja, anayenunua umeme ndiye anayelipa kodi ya mwenye nyumba, na mfumo haujui kama mwenye nyumba amelala chumba cha mbele au amelala Masaki, Dar es Salaam. Mfumo huo ujue. Anayeishi humo apunguziwe, asiyeishi alipe zaidi. Kuunganishwa kwa viwanja viwili au vitatu kuwa kimoja kusipite kimyakimya ofisini. Mtaa uitwe, usikie, useme. Na mrithi anayekaa ndani ya nyumba apewe nafasi ya kwanza kununua mafungu ya ndugu zake kwa kulipa polepole, kabla mgeni hajafungua begi la fedha. Hili la mwisho linahitaji chombo cha mikopo, nami najua mabenki yanapenda hati safi, na hati za mitaa hii mara nyingi bado zina jina la babu.

Ndiyo maana ninaanza na dogo zaidi. Wengi wanakufa bila wosia kwa sababu wanaona kuandika wosia ni kujitabiria, na wengi wanaoandika hawajui kwamba RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanaweza kuwatunzia. Wake wengine hawajui kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine. Wanaambiwa wakiwa wameshatia dole gumba. Nimependekeza liwekwe dawati la mirathi hapa mtaani, Jumamosi mbili kwa mwezi. Linahitaji meza, viti vitatu, wakili mmoja wa kujitolea na mwenyekiti wa mtaa anayejua nani ni mtoto wa nani. Wahusika wameniambia wanataka maombi kwa maandishi, yenye saini za wenye nyumba. Barua ninayo hapa mfukoni, ina nafasi ya saini 40, na kalamu zipo mbili. Mpangaji pia asaini, ila aandike pembeni anakaa kwa nani.